Siku moja maishani mwangu: mtu wa maabara ya bayolojia

Saa 1:00 asubuhi

Kengele bado, nami nimeshavaa koti jeupe. Kazi yangu ni kuandaa mazoezi ya vitendo ya bayolojia na kukaa na wanafunzi wanapoyafanya. Leo ni seli asubuhi, molekuli kabla ya mapumziko ya mchana, vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, alasiri.

Naanza na wanga. Nakoroga unga wake kidogo kwa maji baridi, kisha namimina kwenye maji yanayochemka. Ukiutia mkavu unapata mabonge. Wanga wa wiki iliyopita naumwaga bila huruma, maana bakteria huwa wameshaanza kuula. Haidrojeni peroksaidi inakaa kabatini kwenye chupa ya kahawia kwa kuwa mwanga huivunja polepole, na mwisho unabaki na maji matupu yenye lebo ya kutisha. Naidondoshea kipande cha kiazi kibichi. Inafura povu, basi bado ina nguvu.

Kila dawa naijaribu kwenye kitu ambacho jibu lake nalijua: Benedict, dawa ya bluu yenye shaba inayopima sukari, kwa glukosi; Biuret, inayopima protini, kwa ute wa yai. Kisha zote mbili kwenye maji safi. Testityubu hiyo ya maji ndiyo wanafunzi huidharau kuliko zote, na mimi ndiyo ninayoipenda. Bila hiyo huwezi kujua kama rangi uliyoiona imetoka kwenye chakula au kwenye dawa yenyewe.

Saa 2:00

Kundi la kwanza linaingia kwa kishindo. Kila meza ina kitunguu chekundu, kibanio, slaidi, dropa ya iodini na hadubini. Unabandua ngozi laini ya upande wa ndani wa gamba, unaitandaza kwenye tone la maji, unaongeza iodini, unashusha kifuniko cha slaidi kwa mshazari ili hewa itoke. Anayekidondosha tu anapata viputo vyenye ukingo mweusi, na baada ya dakika chache nitakuta vimechorwa daftarini vikiwa na jina "kiini".

Lakini viputo si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kumbukumbu. Mwanafunzi anachungulia mara moja, anainama, anachora seli ya mmea ya kitabuni yote kamili, kloroplasti zikiwemo.

"Kloroplasti umeziona wapi?"

"Si ni seli ya mmea, mwalimu?"

Kitabu hakijamdanganya. Ila gamba hili la kitunguu ni ghala, hukaa gizani, halitengenezi chakula kwa mwanga, hivyo kloroplasti hazimo. Nampeleka kwenye hadubini ya dirishani, ambako nimeweka jani jembamba la mmea wa majini. Huko zimejaa, kijani kibichi, na ukiwa na subira unaziona zikisogea taratibu kandokando ya seli. Anarudi mezani kwake na kufuta bila kuambiwa.

Mwingine ameweka nukta kumi na kuziita mitokondria, vile vijisehemu vinavyoipa seli nishati. Upana wa mitokondria moja haufiki mikromita 1 au unaikaribia tu, na bila rangi maalumu haijitokezi kwa ukuzaji wetu wa mara 400. Ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, ndiyo kabisa: ina nanomita kama 25 (mikromita 1 ni nanomita 1,000), ilhali hadubini ya mwanga huanza kushindwa chini ya nanomita 200 hivi. Hata ununue lenzi ya bei gani, mwanga wenyewe ndio unaogoma. Robert Hooke, mwaka 1665, alichora kipande cha gome la kizibo akaonyesha vyumba vitupu na kuta zake, basi. Seli zile zilikuwa zimekufa, hazina kitu ndani, naye hakujaza. Ilipofika 1831 Robert Brown akaeleza kiini katika seli za mimea kwa sababu alikiona.

Swali zuri la leo limetoka nyuma kabisa: "Na utando wa seli uko wapi? Mimi naona ukuta tu."

Nimelisubiri. Utando, ile ngozi inayoizunguka seli kwa ndani ya ukuta, una unene wa nanomita 7 hivi, na katika seli iliyojaa maji umebanwa kwenye ukuta. Huwezi kuutofautisha. Namwambia abandue ngozi nyingine, ya upande wa nje wenye rangi nyekundu, kisha adondoshe maji ya chumvi pembeni mwa kifuniko na kuyavuta kwa karatasi ya kunyonya upande wa pili. Maji yanatoka ndani ya seli kwenda kwenye chumvi, vakuoli, mfuko wa maji ulio ndani ya seli, inanywea, na ule wekundu unajikunyata katikati ukiacha nafasi nyeupe kati yake na ukuta. Ukingo wa wekundu huo ndio unaoonyesha utando umefika wapi. Kwa dakika mbili nzima hakuna aliyepiga kelele, jambo ambalo walimu wenzangu hawataliamini.

Saa 4:30

Kundi la pili: kupima molekuli za chakula. Iodini kwenye wanga haina mjadala, bluu nyeusi papo hapo. Mafuta nayo ni rahisi: tikisa na alkoholi, mimina kwenye maji, yakigeuka meupe mithili ya maziwa umeyapata. Vichomeo vizimwe kabla alkoholi haijafunguliwa. Hapo sina utani.

Kwenye Benedict ndipo ninapokaa. Nimewapa vimiminika viwili visivyo na rangi, A ni glukosi, B ni sukrosi, yaani sukari ya mezani. Vyote vinaingia kwenye maji ya moto. Cha kwanza kinapita kijani, njano, machungwa, hadi wekundu wa tofali. Cha pili kinabaki bluu. Karibu meza zote zinaandika: "B haina sukari."

Sukrosi ni glukosi na fruktosi zilizounganishwa, na zimeunganika kwenye zile ncha ambazo zingeweza kuipa shaba elektroni. Ncha zimefungwa, shaba ya Benedict haipati kitu, rangi haibadiliki. Sasa chemsha B na asidi haidrokloriki hafifu, acha ipoe, ondoa ukali wa asidi kwa sodiamu haidrojeni kaboneti mpaka iache kutoa povu, rudia Benedict. Wekundu huo! Asidi imesaidia maji kuingia kwenye kile kifungo na kukikata. Kifungo kilipotengenezwa ndani ya mmea, molekuli ya maji ilitolewa. Kinapovunjwa, maji yanarudishwa. Wanga, protini na mafuta hufuata mtindo huohuo, na ningekuwa mimi ninayepanga mtaala ningeanza na hili kabla ya orodha ndefu za majina.

Waliopima protini wana fumbo lao. Ute wa yai umeenda zambarau kwa Biuret, lakini myeyusho wa amino asidi moja, yaani tofali moja la protini, umebaki bluu. Biuret haitafuti amino asidi. Inatafuta vifungo vinavyoziunganisha, na amino asidi iliyo peke yake haina kifungo cha kuonyesha.

Saa 7:00

Chakula, na ubishi wa kawaida na mwalimu mwenzangu: tuanze kufundisha seli au molekuli? Yeye anasema molekuli, kwa kuwa ndizo matofali. Mimi nasema seli, kwa kuwa mtoto anaweza kuiona. Hatukuafikiana.

Saa 8:00

Vimeng'enya. Kiazi kibichi, kiazi kilichochemshwa, peroksaidi. Kibichi kinatoa povu, na kijiti chenye kaa kinawaka tena juu yake, maana gesi ni oksijeni. Kilichochemshwa kimetulia tuli.

"Kimeng'enya kimekufa," wanasema kwa pamoja.

Hakikuwa hai kufa. Katalesi, kimeng'enya cha kiazi kinachovunja peroksaidi, ni protini, mnyororo wa amino asidi uliokunjwa kwa umbo maalumu, na joto limeukunjua. Msichana mmoja anauliza kama kikipoa kitajikunja upya. Namwambia apoze kiazi kwenye maji baridi na kujaribu. Povu hakuna. Anauliza tena: je, kile cha kwenye friji kilichoganda? Hicho kikipata joto la chumba kinafanya kazi, kwa kuwa baridi hupunguza tu kasi ya molekuli bila kuharibu umbo. Ameliandika kwenye daftari kama swali lake la wiki ijayo, akitaka kuona kwa macho, nami nimeahidi kugandisha viazi.

Saa 10:00

Kuosha. Slaidi kwanza kwa sabuni, testityubu za Benedict zinasuguliwa kwa brashi kwa sababu ule wekundu hung'ang'ania kioo, masalia yenye shaba yanaenda kwenye chombo chake, hayamwagwi sinki. Napitia michoro: mishale ya lebo isiwe na vichwa, mistari isikatizane, ukuzaji uandikwe.

Kesho ni wanga na amilesi, kimeng'enya kinachouvunja, kuchukua tone kila dakika na kulitia kwenye iodini mpaka rangi ya bluu iache kutokea. Nimeandika ubaoni kwa herufi kubwa: MATONE YA IODINI YAPANGWE KABLA YA KUANZA KUHESABU MUDA.