Mchana wa kugombania namba

Aliyetulazimisha kukaa kikao alikuwa fundi wa simu wa Birere, hapa Goma, na wala hakujua kwamba ametulazimisha. Ilikuwa Mei 2022. Alinifuata Katindo akiwa na Samsung Galaxy S5 mkononi, simu ya mwaka 2014, kioo kimebadilishwa lakini moyo bado mzima. Hata kiti hakukisubiri.

"Ninyi batoto ba informatike munaniletea matata," alisema. "Kliya wangu, simu yake inaandika dix-huit. Rafiki yake wa Majengo, yake inaandika dix-neuf. Sasa ananiambia nilimuwekea ya zamani, anataka franka yake. Muniambie: nilimuibia?"

"Hapana, Yaya," nikamjibu, kama tunavyowaita wakubwa zetu. "Hukumuibia."

"Basi kuja umuambie wewe."

Kliya ni mteja. Dix-huit ni kumi na nane, dix-neuf kumi na tisa: namba za toleo la mfumo ambazo simu inaonyesha.

Wakati ule tulikuwa vijana wachache tuliojipa kazi ya kuzifufua simu zilizotupwa na watengenezaji wake. Tulichukua msimbo wa LineageOS, ule mfumo endeshi unaojengwa na watu wa kujitolea juu ya Android, tukapunguza vitu vinavyokula mega, yaani data ya mtandao, kisha tukawapa mafundi wa Birere na soko la Virunga faili iliyo tayari kuwekwa kwenye simu. Kuujenga mfumo hapa Goma hakukuwezekana: msimbo peke yake unataka mamia ya gigabaiti, na mega zetu zinauzwa kwa bei unayoijua. Tulikodi seva Ulaya, ikajenga huko, sisi tukashusha faili moja usiku wakati mtandao umetulia.

Namba za matoleo hatukuwa tumezifikiria. Tuliziacha kama zilivyokuja, na zilikuja na historia yake. LineageOS ilizaliwa Desemba 2016, kampuni iliyokuwa nyuma ya CyanogenMod, mfumo uliotangulia LineageOS, ilipofunga huduma zake, na CyanogenMod ilikuwa ikihesabu kwa herufi. Google ilikuwa ikiyapa matoleo ya Android majina ya vitu vitamu kwa mpangilio wa alfabeti, na CyanogenMod ikachukua nafasi ya herufi: Gingerbread ni G, herufi ya saba, basi CM 7. KitKat ni K, basi CM 11. Android 3, Honeycomb, ilikuwa ya H, lakini Google haikuutoa msimbo wake wakati huo, kwa hiyo CM 8 haikuwahi kuwepo. Wakaruka kutoka 7 hadi 9. Android 11 ndani ya Google ilikuwa R, na hiyo ndiyo 18. Android 12 ni S, ndiyo 19. Ukimweleza mtu hayo akiwa na simu mkononi, anakutazama usoni kuona kama umelewa.

LineageOS 19 ilikuwa imetoka Aprili 26, wiki chache tu kabla ya fundi kunijia. S5 isingeipata kwa njia rasmi. Android 12 iliacha iptables, chombo cha zamani cha kupanga safari za data ndani ya simu, ikategemea kipya kinachoitwa eBPF, na eBPF hiyo haimo kwenye kerneli (kiini cha mfumo) za zamani, kuanzia 3.18 kurudi nyuma. Kerneli ya S5 ni 3.4. Lakini 18, ambayo kwa ukamilifu ni 18.1, haikuwa maiti. Kila mwezi ilikuwa bado inapokea viraka vya usalama. Simu mbili za marafiki wale wawili zilikuwa na viraka vya mwezi uleule. Tofauti waliyoiona kwenye kioo haikusema lolote kuhusu jambo hilo, na ndilo jambo pekee lililokuwa na maana kwao.

Jumamosi tukakutana Himbi, nyumbani kwa yule tuliyemwita Mukubwa, mwenye kuilipia seva. Alikuwepo Madame, aliyefundisha hisabati sekondari, na kijana mmoja wa Ndosho, mdogo kuliko sisi wote na mwenye sauti kuliko sisi wote. Fundi naye alikuja bila kualikwa. Nilifurahi.

Kijana wa Ndosho alianza. "Tuanze ku moja. Mfumo wetu, hesabu yetu. 1.0. Na tuipatie jina: Nyiragongo."

Fundi alicheka hadi akakohoa. "Volcano ilitufukuza, hata mwaka haujaisha, we unataka watu bayibebe mu mufuko?"

Jina likafia pale. Mei 2021, ulipolipuka, nilitembea hadi mji wa Sake na diski ya msimbo wetu imefungwa ndani ya kitenge cha mama, na sikuwa na hamu ya kuliona jina hilo kila nikifungua mipangilio ya simu. Ila hoja ya 1.0 haikufa haraka. Kijana alikuwa amesoma kanuni aliyoiandika Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo: namba ya kwanza inabadilika unapovunja vitu vya wanaokutegemea, ya pili unapoongeza kitu bila kuvunja, ya tatu unaporekebisha makosa. Ni kanuni nzuri, na bado naitumia kwa maktaba za programu. Lakini inadhani kwamba anayeisoma namba ni mtu anayeandika programu juu ya kazi yako. Nani alikuwa anaandika programu juu ya kazi yetu? Halafu LineageOS yenyewe, ilipobadilishiwa jina, haikurudi moja. Ilichukua 14.1 pale CyanogenMod ilipoiachia, ikaendelea.

Mimi nilipendekeza tuongeze namba yetu baada ya ile yao: 18.1, kisha 18.2, 18.3, kila mwezi moja. Madame hakunipa nafasi ya kumaliza.

"Na ukifika ku kumi?"

"18.10."

"Wanafunzi wangu wote watakuambia 18,10 ni sawa na 18,1. Na ni ndogo kuliko 18,9."

Goma namba tunazisema kwa Kifaransa, hata bei ya maharagi, na shuleni sehemu ya desimali inakuja baada ya virgule, yaani mkato. Mtu aliyekwisha kufanya hesabu hizo miaka kumi na miwili humwambii kwamba leo nukta si virgule. Na Madame alikuwa na haki zaidi ya alivyojua, kwa maana kompyuta nayo, ikiyapanga majina ya faili herufi kwa herufi, inaiweka 18.10 mbele ya 18.9.

Ndipo Mukubwa, aliyekuwa amenyamaza akichezea chaja, akauliza Ubuntu ya kwanza, ule mfumo endeshi wa kompyuta, iliitwa namba gani. 4.10, nikajibu. "Kwa sababu ilitoka mwezi wa kumi, 2004," akasema. "Hawakuumiza kichwa." Akaongeza kwamba postmarketOS, ambao nao wanafufua simu za zamani, wanafanya hivyohivyo, mwaka na mwezi.

Fundi akasimama. Alikuwa na kalenda akilini, ile ya ukutani pa kibanda chake. "Kama kliya ananipigia simu, namuuliza: inaandika mwezi gani? Ananijibu. Mimi naangalia kalenda. Njo byote. Hiyo inanitosha."

Kusema kweli, hakuna kilichosemwa mchana ule kilichokuwa na uzito kama hicho. Sisi tulikuwa tunatafuta namba ya kuonyesha tumefanya kazi kiasi gani. Yeye alihitaji namba ambayo watu wawili, mmoja Birere na mwingine Majengo, wanaweza kuisomeana kwenye simu yenye kelele na wakajua kama wako mahali pamoja.

Tukakubaliana: 2022.05. Sifuri ilibaki kwa amri ya Madame, ili mwezi wa kumi usije ukajipanga mbele ya mwezi wa tano. Ugomvi wa mwisho ulikuwa wangu na wa kijana wa Ndosho: je, tuifute kabisa 18.1? Nilikataa. Simu ikianza kujizima ovyo, mimi ninayetafuta kosa lazima nijue nitafute kwenye tawi lipi la msimbo, maana kila toleo lina tawi lake, na tawi linaitwa lineage-18.1. Kijana alisema wateja wakiiona tu, tutarudi kwa dix-huit na dix-neuf. Tukagawana: mtumiaji aone 2022.05 kwenye mipangilio, jina la faili libebe zote mbili pamoja na lile neno UNOFFICIAL ambalo kila mjenzi wa nje hupewa. Na wenyewe wa LineageOS walikuwa wametoka kufanya jambo la aina hiyo. Kwa watu walitangaza 19 tupu, wakiitupa ile .1, lakini tawi lao la msimbo linaitwa lineage-19.1 hadi leo.

Fundi alichukua faili mbili kwenye flashi, ya S5 na ya simu ya Majengo, zote 2022.05. Yule kliya hakurudishiwa franka yake.

Juni malipo ya seva yalichelewa na hatukujenga kitu. Julai tukatoa 2022.07. Hapo nikagundua uovu mmoja wa kuhesabu kwa kalenda: ukilala, kila mtu anaona ulilala siku gani. Kijana wa Ndosho alitaka tuiite 2022.06 ili pengo lisionekane. Madame alimwangalia tu, akaacha. Siku hiyohiyo simu yangu ikalia, fundi.

"Ya mwezi wa sita iko wapi?"

Nikamweleza kwamba haipo na haitakuwepo, nikamtajia na CM 8, namba ambayo wakubwa wa kazi hii waliiruka bila mtu kufa. Alinisikiliza kwa subira. Kisha akauliza kama ya mwezi wa saba imerekebisha kamera ya S5, kwa sababu alikuwa na tatu mezani zinazopiga picha za kijani.