Jioni ya nyuzi 60

Juzi nikiwa namenya vitunguu binti yangu aliushika mkono wangu wa kulia, akautazama, akaomba na wa kushoto. "Baba, mbona kucha za huku unazifuga na za huku unazikata?" Nikamwambia ni za gitaa: mkono wa kulia ndio unaocharaza, na ukucha ndio unaotoa sauti. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki jikoni na Hamburg yote kichwani.

Hamburg, Ujerumani, ndiko nilikokuwa mwanafunzi; habari zake nyingine sitazirudia. Ambacho sijawahi kukisimulia ni kundi letu la kupiga gitaa kila Jumatano kule Altona, mtaa mmoja wa Hamburg, na hasa jioni moja ya Novemba.

Nilifika pale na mkono wa mjomba. Mjomba wangu wa Morogoro alikuwa kijana wakati bendi ya Morogoro Jazz inatamba, na gitaa kavu alinifundisha kama alivyojifunza yeye: gumba linatembea na besi, kidole cha shahada kinajibu, macho hayana kazi. Noti hakuzijua. Gitaa alilityuni kwa sauti yake mwenyewe. Asubuhi anaguna, anauvuta uzi wa tano mpaka ulingane na kifua chake, kisha nyingine zinaufuata huo. Akiwa na mafua, gitaa zima linashuka siku hiyo. Nilipokuwa na haraka ya kupiga alinizuia mkono: "Mjomba, sikia kwanza."

Kule utaratibu ulikuwa mwingine. Kistuli chini ya mguu wa kushoto, shingo ya gitaa imeinuka, stendi ya noti mbele yako, na vidole vinne vya mkono wa kulia vina herufi zake: gumba ni p, shahada ni i, cha kati ni m, cha pete ni a. Kidole cha mwisho hakina kazi. Nilihangaika na makaratasi hayo, nikaweza, nikapandishwa kundi la kati.

Kundi la kati ni mahali pa ajabu. Noti unazisoma bila kusimama, lakini ukishaanza kuzisoma humsikii mtu mwingine. Tulikuwa watu kumi, tumegawanywa sauti nne. Gitaa la kwanza linabeba wimbo, la nne linashika besi, la pili na la tatu yanajaza katikati. Mimi niliwekwa la tatu. Kwa sisi tuliokulia muziki wa dansi, ambako ridhimu unaisikia hata ukiwa nje ya ukumbi, nafasi hiyo ilinisumbua. Nilikuwa napiga, naona vidole vinakwenda, na sauti yangu siioni ilipo.

Tulikuwa tunaandaa dansi za kale za Ufaransa kutoka mkusanyiko wa mtunzi Mjerumani Michael Praetorius wa mwaka 1612, wenye dansi zaidi ya 300. Tulichagua chache nyepesi, tuzipige kwenye ukumbi wa kanisa kabla ya Krismasi. Muda ulikuwa umebana, na kuna mistari ilikuwa bado inatushinda.

Jioni hiyo mwalimu aliingia na boksi. Akalipitisha kila kiti, akaomba tuweke humo vile vifaa vya kutyunia vinavyobanwa kichwani mwa gitaa, pamoja na simu zetu. Kisha akatoa mfukoni chuma chenye ncha mbili, akakigonga gotini. Ukikishika hivyo hewani hukisikii. Akakisimamisha juu ya ubao wa gitaa lake, na chumba kizima kikajaa noti moja ya A, safi, mitetemo 440 kwa sekunde.

Tulianza na uzi wa tano. Unaugusa kwa ncha ya kidole juu ya freti ya tano, yaani chuma cha tano kati ya vile vinavyokatiza shingo ya gitaa, bila kuukandamiza, na unapoucharaza inatoka sauti nyembamba kama ya kengele ndogo, ambayo inatakiwa iwe sawasawa na ya kile chuma. Zisipolingana, sauti mbili hizo zinagombana na unasikia mawimbi: wau, wau, wau. Sauti hiyo ya uzi ikiwa chini kwa mitetemo minne, mawimbi ni manne kwa sekunde. Ukikaza kidogo yanapungua, yanakuwa matatu, mawili, yanarefuka. Ukizidisha, yanaanza upya upande wa pili.

Mwalimu alimtaka kila mtu afanye peke yake, wengine wote kimya. Wa kwanza alichukua muda mrefu mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Ilipofika zamu yangu, mwanzoni sikusikia mawimbi yoyote. Nilisikia sauti mbili tu. Nikafumba macho, nikakaza ufunguo kwa kiasi ambacho jicho lisingekiona, na hapo yakajitokeza, ya haraka haraka, kisha taratibu, kisha wimbi moja refu lililopanda likashuka, halafu hakukuwa na wimbi tena. Sijui niseme nini. Sauti haikuongezeka, ila ilikaa. Mwili wa gitaa ulitetemeka kifuani kwangu kwa namna ambayo haukuwa umetetemeka tangu nilinunue.

Nyuzi nyingine zikafuata, 60 kwa jumla, na mtu wa gitaa la nailoni anajua uzi gani ulitutesa. Ni wa tatu, ule wa G. Ni mnene, haukuzungushiwa waya kama zile tatu za besi, na ukiusikia sawa ukiwa wazi, ukiukandamiza unakuruka. Tulipokuwa tunapambana nao mwalimu alitusimulia kwamba zamani nyuzi hizi zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utumbo huo ukahitajika kushonea majeruhi, na baada ya hapo fundi wa New York, Albert Augustine, akageukia nailoni, akishirikiana na mpiga gitaa wa Hispania, Andrés Segovia. Mama mmoja wa gitaa la kwanza, muuguzi, akasema yeye mchana kutwa ameshona watu na jioni amekuja kupiga muziki. Hakuwa anatania.

Zilipobaki dakika chache tukapiga dansi moja, mara moja tu. Chodi ya mwisho, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ilikuwa G, na gitaa la tatu lilipewa B, ile noti inayoamua kama chodi ni ya furaha au ya huzuni. Nilikuwa nimeipiga wiki nyingi bila kujua. Safari hii niliisikia kutoka upande wa pili wa chumba, ndani ya magitaa ya wengine, na nikajua ni yangu.

Yule mama alifunga gitaa lake kwa hasira. Alimwambia mwalimu mbele yetu kwamba anatoka zamu ya saa kumi, jioni yake ya wiki ni hii moja, na mashine inafanya kazi ile kwa dakika mbili. Tena, alisema, tulitoka kwenye baridi tukaingia kwenye joto, nyuzi zimeshahama tayari. Alikuwa na haki: uzi wangu wa tatu ulikuwa umeshashuka kabla sijalirudisha gitaa kwenye mkoba. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba mashine inamwambia mtu yuko wapi yeye, haimwambii wenzake wako wapi. Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Kanisani tulipiga bila yeye, na gitaa la kwanza lilipwaya.

Baadaye sana nilikutana naye kwenye treni, gitaa mgongoni. Sasa anapiga nyumbani na dada yake, Jumapili. Akaniuliza kama bado tunakesha na uzi wa tano. Nikamwambia ndiyo. Akasema, bila ubaya wowote, "Basi ninyi mna muda."

Wakati ule nilikuwa mwanafunzi, muda nilikuwa nao, na nilimwona mtu asiyeelewa. Leo natoka kazini usiku, nikipata robo saa nafungua simu, naufuata mshale wa kutyunia mpaka ukae katikati, napiga. Nafanya kilekile alichokuwa anakidai, na nashukuru kwamba simu ipo. Lakini zipo siku mshale umekaa katikati na mimi nakaza tena kidogo, nalegeza, natafuta mawimbi, robo saa inaisha sijapiga hata wimbo mmoja. Siku hizo siwezi kusema nimepoteza jioni, na siwezi kusema sijaipoteza.