Homa ya Zuhura haikuwa malaria

Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho. Mke wangu alikuwa kwao Newala wakiokota, nami nimebaki Mikindani na Zuhura wa miaka 5 pamoja na mama mkwe. Jioni mtoto akakataa uji. Nikamletea embe, akalitazama tu, machozi yanamtoka kila akimeza mate. Kipimajoto kikasoma 39.6.

Nikampa kijiko kimoja cha panado ya maji. Homa ikashuka kidogo, baada ya muda mfupi ikarudi.

"Baba Zuhura, huyo ana kimeo," mama mkwe akasema. "Yuko mzee anakata vizuri, mpeleke."

Wakwe hawajibiwi ovyo. "Mama, niwie radhi, kesho alfajiri naanza na hospitali." Usiku ule nilikuwa nikimnywesha maji ya dafu, funda moja moja.

Asubuhi tulipanda bajaji hadi mjini. Kipimo cha malaria kikatoka hasi, na mimi nilikuwa nimeshaapa kwamba ni malaria. Daktari akammulika kooni: mafindofindo yamevimba, mekundu, yana madoa meupe ya usaha. Akapapasa tezi chini ya taya, akauliza kama anakohoa au ana mafua. Hana. Akasema dalili hizo zote kwa pamoja zinaelekea zaidi kwa bakteria. Kimeo huvimba kwa sababu koo limevimba, koo likipona nacho hunywea. Kukikata ni kumtafutia mtoto kutokwa damu na kidonda kipya.

Akampima uzito, kilo 16. Hapo ndipo nilipoumia: kijiko changu cha ml 5 kilikuwa na miligramu 120, wakati yeye alihitaji 240, yaani ml 10 kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Nilikuwa nampa nusu ya dawa. Aspirini akaikataza kabisa kwa watoto. Akasema akishindwa kunywa, akidondokwa mate, akipumua kwa shida au akipata degedege, nirudi saa hiyohiyo.

Amoksilini ilikuwa ya siku 10, ml 5 mara 3 kwa siku, chupa 2 za unga. Ya pili usiikoroge mpaka ya kwanza iishe, kwa kuwa ikishatiwa maji haikai muda mrefu. Hatuna friji, niliiweka kwenye bakuli la maji kando ya mtungi.

Siku ya 4 Zuhura alikuwa ufukweni anakimbizana na wenzake. Jirani akaja kuomba dawa iliyobaki, mwanawe anakohoa. Nilimnyima, na iliniuma, maana ni mtu wetu. Lakini daktari aliniambia wazi: bakteria hao wasipomalizwa, mwili unaweza baadaye kuzishambulia vali za moyo wa mtoto. Nikamsindikiza jirani zahanati na mwanawe. Wakamwambia ni mafua tu, hahitaji amoksilini.

Mama Zuhura aliporudi na korosho zake, alimkuta mwanawe anameza kijiko cha mwisho, amekunja uso.