Paka mwenye figo mbovu: dripu nyumbani, dagaa marufuku

Majibu ya damu ya paka wangu Nunu yalikuja na kreatinini (taka ambayo figo huichuja kwenye damu) 292. Maabara zetu huandika kwa mikromoli kwa lita, ilhali maelezo mengi ya tiba ya paka hutumia miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 88.4 utapata 3.3. Kwa ngazi za ugonjwa wa figo za IRIS, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa figo za wanyama, ambazo madaktari wengi wa mifugo huzifuata, ngazi ya pili inakomea 250, ya tatu inakomea 440, na zaidi ya hapo ni ya nne. Nunu yuko ya tatu. Ana miaka 13, na siku hiyo alikuwa na kilo 3.6.

Majibu ya siku moja usiyachukue kama hukumu. Paka aliyekaukiwa maji hupanda kreatinini hata kama figo zake hazijaharibika kiasi hicho, na aliyekonda sana husoma chini kuliko hali yake, maana kreatinini hutoka kwenye misuli. Ndiyo maana mkojo nao hupimwa: uzito wake ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000) ukiwa chini ya 1.035 huku kreatinini iko juu, figo zimeshindwa kubakiza maji mwilini. Wa Nunu ulisoma 1.014. Tulirudia baada ya wiki mbili za kumpa maji ya kutosha, damu ikasoma 268, na hiyo ndiyo namba niliyoanzia kazi. Kreatinini haipandi mpaka karibu robo tatu ya uwezo wa figo umekwisha. Kilichobaki ni kuilinda robo.

Sahani ina kazi kubwa kuliko dawa zote. Paka wetu wa pwani wamelelewa kwa dagaa na vichwa vya samaki, na hapo ndipo penye tatizo: dagaa huliwa mzima na miiba yake, na mfupa ni ghala la fosforasi. Figo mbovu haiwezi kuitoa, inarundikana kwenye damu, mwili unamwaga homoni inayonyonya kalisi mifupani, na figo zinazidi kuharibika. Kwa ngazi ya tatu fosforasi inatakiwa iwe chini ya 1.6 milimoli kwa lita. Nunu alikuwa 2.1, miezi miwili bila dagaa, kwenye chakula maalumu cha figo, akashuka 1.5.

Chakula hicho ni ghali na paka hukikataa kwa dharau. Nilichanganya kijiko kimoja cha chai ndani ya chakula cha zamani, nikaongeza kidogo kidogo kwa wiki tatu. Kosa linaloharibu kila kitu ni kukianzisha siku ambayo paka ana kichefuchefu: atakihusisha na kuumwa na hatakigusa tena. Tuliza tumbo kwanza, ndipo ubadilishe. Chakula kiwe vuguvugu ili kinukie. Siku akikataa kabisa nampa kifua cha kuku kilichochemshwa bila mfupa, ute wa yai uliochemshwa (kiini kina fosforasi nyingi, kiache), kijiko cha wali na mafuta kidogo. Bila kitunguu, bila kitunguu saumu, bila vile vidonge vya mchuzi; kitunguu ni sumu kwa paka. Chakula hiki hakina kalisi ya kutosha, kwa hiyo ni cha siku mbili tatu tu, si cha mwezi. Lakini bora ale kisichofaa kuliko kushinda njaa: paka asiyekula siku mbili tatu hupata mafuta kwenye ini, na hilo huua upesi kuliko figo.

Daktari akiongeza dawa ya kufunga fosforasi, kwa mfano aluminiamu haidroksaidi, ichanganye ndani ya chakula chenyewe. Tumbo tupu haina cha kufunga. Vidonge vya kiungulia vya duka la dawa mara nyingi vina magnesiamu ndani yake, na hiyo haimfai paka wa figo.

Maji usimpunguzie hata siku moja, eti kwa sababu anakojoa sana. Anakunywa kwa kuwa anapoteza. Naweka mabakuli matatu mapana, mbali na chakula na mbali na mchanga wake wa kujisaidia. Asubuhi namimina 300 ml, kesho yake napima kilichobaki. Paka akipita 50 ml kwa kila kilo kwa siku, hiyo ni kiu ya ugonjwa.

Sasa dripu, ambayo watu huiogopa bure. Tunatumia ringa lakteti (maji ya dripu yenye chumvichumvi), 100 ml siku moja ndiyo siku moja hapana; kiwango alikipanga daktari baada ya kusikiliza moyo, kwani paka mwenye moyo mgonjwa anaweza kujaa maji kifuani. Dripu ya glukosi isiingie chini ya ngozi kabisa, inachoma na kuleta jipu. Chupa naiweka dakika kumi kwenye beseni la maji ya moto kiasi, naijaribu mkononi kama maziwa ya mtoto, kisha naitundika kwenye nondo za dirisha. Kama chupa ni ya plastiki ngumu, fungua kile kifuniko kidogo cha hewa kwenye mpira, la sivyo matone yatakufa katikati. Toa hewa yote mpaka maji yatoke mwishoni, ndipo ufunge gurudumu la kubana mpira.

Sindano za 20G, za njano, zinanifaa zaidi. Ya kijani, 21G, haiumi sana lakini inachukua zaidi ya dakika kumi na Nunu hana subira hiyo. Ya pinki, 18G, inamaliza haraka ila tundu lake huvuja. Nainua ngozi kati ya mabega iwe kama hema, ncha iliyochongwa ikitazama juu, nachoma kwenye shina la hema sambamba na mgongo. Naachia ngozi, nafungua gurudumu. Manyoya yakilowa upande wa pili, sindano imepitiliza. Ivute, anza upya na mpya. Maji yakigoma, mara nyingi ncha imebanwa na nyama: irudishe nyuma kidogo au izungushe. Nikichomoa nabana tundu kwa vidole nusu dakika. Unabaki uvimbe laini unaoteremka hadi begani. Nunu hutembea kama amebeba kifurushi, na baada ya saa chache umenyweka. Ukiwa bado upo kesho yake, sirudii dripu, nampigia daktari. Vilevile nahesabu pumzi akiwa amelala: zaidi ya 30 kwa dakika, dripu inasimama.

Presha ndiyo inayosahaulika. Ikifika 160 na kuendelea kubaki hapo, macho yako hatarini: mboni zinabaki pana hata juani, na paka anaweza kuamka kipofu. Nunu anapewa amlodipini, dawa ya kushusha presha, 0.625 mg kwa siku, yaani moja ya nane ya kidonge cha 5 mg. Nakata kwa wembe mpya, nusu, robo, kisha nusu ya robo. Vipande haviwi sawa kabisa na haidhuru sana, lakini usinunue cha 10 mg ukidhani utaokoa pesa, huwezi kukikata kwa usahihi. Baada ya kidonge chochote nampa 5 ml za maji kwa bomba la sindano, kwa sababu kidonge kikavu hukwama kooni na kuchubua.

Shingo ikilegea, kidevu kikaelekea kifuani, potasiamu imeshuka. Hiyo ipimwe, usikisie. Na Panadol, hapana. Robo tu ya kidonge inaweza kuua paka, mwenye figo nzima au mbovu. Diklofenaki na ibuprofeni nazo hazimfai.

Haya yote yanakaa kwenye daftari la shule lenye safu tano: tarehe, uzito, maji, dripu, alichokula. Uzito napima kila Jumapili kwa mizani ya kuning'iniza, paka ndani ya kikapu, kisha natoa uzito wa kikapu. Kupanda naye mizani ya bafuni hakusaidii, haioni tofauti ya gramu 100, na gramu 100 kwa paka wa kilo 3.4 ni nyingi. Nyuma ya jalada nimeandika mambo matatu niliyokubaliana na daktari: hali chakula siku tatu hata kwa dawa ya hamu ya kula, vidonda mdomoni na pumzi inayonuka mkojo, hafiki mwenyewe kwenye mchanga wake. Yakikutana, daktari anakuja nyumbani na sindano ya mwisho. Nimeyaandika sasa, Nunu angali ananiamsha saa kumi na moja alfajiri akidai sahani yake, kwa sababu siku hiyo sitakuwa na akili ya kupima chochote.