Sentimita Moja ya Magnesi

Niliwahi kupewa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya bweni la wavulana kwa kosa la kuiba sentimita moja ya magnesi. Sikuiba. Mwenzangu naye hakuiba. Lakini ukiyatazama mahesabu aliyoyaandika mwalimu ubaoni siku ile, hata mimi ningetuhukumu.

Ilikuwa muhula wa pili wa 1998, Jinja, Uganda, nikiwa Senia ya Tatu, yaani kidato cha tatu. Nyumbani kwetu ni Walukuba, kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizojengwa zama za Mwingereza, ambako mlango huu ni Mjaluo, ule Mlugbara, wa tatu Msamia, na watoto wote wanagombana kwa Kiswahili. Shuleni Kiswahili hicho tulikificha. Neno moja likikutoka, unaulizwa baba yako yuko kambi gani, kana kwamba ni lugha ya askari na wezi peke yao. Basi darasani Kiingereza, uwanjani Kisoga na Kiganda, na Kiswahili kikabaki cha kunong'onezana mimi na Sanduku.

Sanduku ndilo jina tulilompa, kwa sababu ya sanduku la bati alilokuja nalo, lenye namba za jeshi zilizopakwa rangi nyeupe. Huyo kwa kweli baba yake alikuwa kambini.

Maabara yetu ilikuwa na kila kitu isipokuwa vifaa. Meza zilikuwapo, masinki yalikuwapo, picha ya mifupa ya binadamu ilikuwapo. Kwa somo la siku hiyo kila kikundi kilipewa chupa ya soda, kizibo kilichochongwa kutoka kandambili kuukuu, mpira wa dripu uliotoka hospitalini, beseni la maji, na silinda ya plastiki ya sentimita za ujazo 100. Silinda unaijaza maji pomoni, unaiziba kwa kiganja, unaipindua ndani ya beseni, kisha unaupenyeza mpira wa dripu chini ya mdomo wake. Ikishapinduliwa, namba zote zinasimama kichwa chini, nawe unainamisha shingo kama mbuzi anayesikiliza redio.

Kilichotakiwa ni rahisi kukieleza. Magnesi ikiingia katika asidi hidrokloriki inatoa gesi ya haidrojeni, na kwa kila moli moja ya magnesi (moli ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe) unapata moli moja ya gesi. Kitabu kinasema moli moja ya gesi yoyote, katika joto la kawaida la chumba, inachukua desimita za ujazo 24, yaani sentimita za ujazo 24,000. Magnesi yenyewe huja kama utepe, umezungushwa kwenye kigurudumu kama uzi wa cherehani. Mwalimu alikata mita nzima mbele yetu, akaipima kwenye mizani, ikawa gramu 0.96. Kwa hiyo sentimita tano ni gramu 0.048. Gawa kwa 24, ambao ndio uzito wa moli ya magnesi, unapata moli 0.002. Zidisha kwa 24,000, unapata 48. Sentimita za ujazo 48 za gesi, wala huhitaji kikokotoo. Aliipenda sana hesabu hiyo. Aliichora mstari mara mbili ubaoni kabla hatujagusa chupa, na nadhani mambo yalianzia kuharibika hapo.

Mimi ndiye niliyekata. Utepe ulikuwa umeshika ukungu wa kijivu, nikausugua kwa msasa mpaka ukang'aa, nikaulaza juu ya rula, nikakata kwenye tano barabara. Sanduku akamimina asidi kwenye chupa, akashika kizibo tayari. Nikaudondosha. Utepe ulizama kidogo, ukavishwa koti la mapovu, ukaelea, ukaanza kuzunguka juu ya asidi kama mdudu aliyeanguka kwenye chai. Sanduku akabana kizibo. Mara mpira wa dripu ukaanza kukoroma, povu moja, mawili, kisha msururu, na maji ndani ya silinda yakawa yanasukumwa chini. Chupa ilikuwa na joto ukiishika. Haikufika dakika moja utepe ukawa umekwisha kabisa, na asidi imebaki nyeupe kama maji, kana kwamba hapakuwa na kitu.

"Ngapi?" akauliza Sanduku.

"Hamsini na sita."

"Soma tena, umepindua."

Nikasoma tena. Akasoma yeye. Ilikuwa 56. Tukamwaga, tukaosha, tukarudia. 57. Tukarudia mara ya tatu, safari hii Sanduku ndiye aliyekata utepe, tena mimi nikiwa nimemwekea jicho. 57. Ile ya mwisho tuliiziba silinda kwa kiganja, tukaigeuza, tukaisogezea kijiti cha moto, ikalia *pu!* Haidrojeni, hapana shaka. Ila imezidi.

Kikundi cha jirani walipata 55, niliwaona kwa macho yangu. Kisha niliwaona wakitazama ubao, wakatazamana, wakaandika 48. Kikundi cha mbele waliandika 47.5, ili ionekane wamepima. Huo ndio ulikuwa ufundi: usiandike jibu lenyewe, liache kidogo pembeni, mwalimu afurahi kwamba mikono ya wanafunzi wake si mashine. Kupika majibu tulikuwa tumejifunza tangu Senia ya Kwanza, siku ya kuchemsha maji. Kipimajoto kilipanda mpaka 96 kikagoma, moto unawaka, maji yanaruka, kimegoma. Darasa zima, watu arobaini na kitu, tukaandika 100.

Sasa kwa nini siku hii sisi hatukupika? Ningependa kusema ni uaminifu. Ukweli ni kwamba Sanduku alikuwa mbishi, na mimi nilikuwa nimekata ule utepe kwa umakini mno kiasi kwamba niliona uchungu kuusaliti.

Mwalimu wa kemia alikuwa kijana, nadhani alikuwa hajatimiza miaka miwili tangu atoke chuoni, na suruali zake mbili tulizijua. Alipita na kalamu nyekundu. Alipofika kwetu alisimama, akachukua daftari, akapiga hesabu pembeni mwa ukurasa. Arobaini na nane gawanya kwa tano zidisha kwa sita. Hamsini na saba nukta sita.

"Mmekata sentimita sita," akasema.

"Tano, Mwalimu."

"Sita hapa, sita hapa, sita hapa. Mtu anayejikatia zaidi mbele yangu, mfukoni ana ngapi?"

Darasa likacheka. Kila mtu alijua utepe wa magnesi unaibiwa wa nini: usiku bwenini unauwasha kwa kiberiti, unatoa mwanga mweupe kama radi, na wa kidato cha chini wanapiga mayowe. Kigurudumu kilikuwa kikipitishwa meza hadi meza, nani angejua nani amekata nini. Sanduku akageuza mifuko yake yote nje. Ikatoka njugu mbili na sarafu ya shilingi mia. Hiyo nayo ilichekesha. Mwalimu akachora msalaba mwekundu juu ya 56, 57, 57, akaandika nne juu ya kumi, na Ijumaa jioni tukakabidhiwa slasha.

Jambo moja hakutuuliza, na ndilo lililonikaa rohoni kuliko zile alama. Hakuuliza tulipima vipi.

Muhula wa tatu ulipoanza nilikuwa nimeshaanza kusahau. Siku moja katika fizikia, mwalimu mwingine, mama mmoja asiyependa mzaha, akachora bomba refu la kioo lililopinduliwa kwenye bakuli la zebaki. Akatuambia habari za Torricelli wa Italia, aliyeonyesha kwamba hewa ina uzito unaoweza kuinua zebaki sentimita 76. Tukaandika 76. Kisha, akiwa anafuta chaki mikononi, akasema kama mtu anayetoa taarifa ya chakula cha mchana: "Hiyo ni pwani. Hapa kwetu haifiki 67. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, na sisi tuko juu ya ziwa."

Nilihisi masikio yanapata moto.

Gesi ni kama godoro la sponji. Wakilikalia watu wengi linabonyea, wakipungua linainuka. Chukua 76 ya pwani na 66 na nusu ya kwetu, uwiano wake ni nane kwa saba. Mombasa godoro limekaliwa na watu wanane, Jinja saba. Nikageuza daftari la fizikia nyuma. Arobaini na nane ya kitabuni, ambayo ni ya pwani, mara nane gawanya kwa saba: karibu 55. Halafu lile joto la chumba la kitabuni ni nyuzi 20, na maabara yetu yenye mabati juu ilikuwa nyuzi 26 siku ile, nilikuwa nimeiandika. Gesi ikipata joto inatanuka: 56. Halafu tuliikusanya juu ya maji, na mvuke wa maji nao unajipenyeza humo bila kualikwa: 58 na kitu. Toa kile kidogo kilichotoroka kabla Sanduku hajabana kizibo.

Hamsini na saba. Sentimita tano, mwanangu. Tano barabara.

Na ile 96 ya Senia ya Kwanza ikaja yenyewe, bila kuitwa. Kipimajoto hakikugoma. Hewa ikiwa nyepesi maji hayangoji mia.

Jioni hiyo kilichonitoa machozi hasa kilikuwa ukutani kwetu. Babu yangu alitoka Mombasa miaka ya hamsini kama fundi wa reli. Shirika la Reli la Afrika Mashariki liliposambaratika 1977, wenzake wengi walirudi Kenya. Yeye alikuwa ameshaoa Jinja, akabaki. Alikuja na barometa ya shaba aliyoinunua mnadani huko kwao, ya duara, kubwa kama sahani ya wali, yenye maneno ya Kiingereza ya dhoruba upande wa kushoto na ukavu upande wa kulia. Aliiita saa ya mvua. Alituhadithia kwamba Mombasa ilikuwa ikitembea vizuri, lakini alipoifungua kwenye majani ya mgomba hapa Jinja mshale ulikuwa umeanguka kushoto, chini ya namba ya mwisho, chini kabisa ya dhoruba, na haukuinuka tena. Miaka yote alisema wapagazi wa treni waliiangusha. Alikuwa amewasamehe, lakini aliwataja kila Idi.

Namba zake zilianzia inchi 28 za zebaki. Sisi huku ni inchi 26. Haikuwa na pa kutuandikia.

Kesho yake nilikwenda chumba cha walimu na daftari mbili, la kemia na la fizikia. Mwalimu wa kemia alisoma ule ukurasa wa nyuma polepole, kidole chake kikifuata mstari. Alisoma mara mbili. Nikadhani atafuta ule msalaba. Hakufuta.

"Kwenye mtihani wa taifa, wa UNEB, andika 24," akasema. "Umenielewa? Swali litakuambia 24, nawe utaandika 24."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilipofika mlangoni akaniita. "Hiyo saa ya babu yako bado ipo?" Nilikuwa nimeiandika nayo, pembeni, bila kujua kwa nini.

Jumamosi akaja Walukuba kwa baiskeli, amevaa ile suruali ya kahawia. Mama alikimbia kubadilisha kanga. Babu akamkaribisha kwa Kiswahili cha Mvita, naye akajibu kwa kile cha sokoni, wakaelewana nusu. Alipewa kiti, chai ya maziwa na mahamri. Chai haikumshughulisha; alikwenda moja kwa moja ukutani, akagonga kioo kwa ukucha mara mbili. Mshale ukatikisika kidogo ukarudi kulala. Akaishusha, akaigeuza, akaonyesha tundu dogo nyuma lenye skrubu.

"Mzee, hapa mtu anaweza kuipandisha. Ukizungusha, mshale unarudi juu, unakuwa kama wa Mombasa."

Babu alimtazama, akaitazama saa yake, miaka arobaini ukutani ikiwa maiti.

"Kwa hiyo haikuvunjika?"

"Haikuvunjika."

"Wale wapagazi…" akasema Babu, akanyamaza. Akaichukua mikononi mwa Mwalimu, akaipangusa kwa shuka lake, akairudisha kwenye msumari vile vile ilivyokuwa, mshale chini. "Kunywa chai, Mwalimu, inapoa."

Akanywa. Akala mahamri matano, nilihesabu. Nilipomsindikiza mpaka barabarani, upepo wa ziwa ulikuwa unaleta harufu ya mukene, wale dagaa wa ziwani, wanaoanikwa Masese. Akapanda baiskeli, kisha akaweka mguu mmoja chini.

"Ile 57. Mlipima mara ngapi?"

"Mara tatu, Mwalimu. Mara ya kwanza 56."

Akatikisa kichwa kama mtu anayeandika, akakanyaga pedali.