Wakawaacha Waende Zao

Tafakari ya Alhamisi
Masomo: Luka 1:1–4, Matendo 13:1–3

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nimeiandika tafakari hii mara tatu na kuifuta, kwa sababu ndiyo ya mwisho nitakayowatumia kwa muda mrefu. Mwezi huu naanza masomo ya udaktari bingwa wa watoto, hapa hapa Dodoma, miaka mitatu pamoja na utafiti. Jumapili jioni nitatoka kwenye kundi letu la simu. Sihami mji wala kanisa, na siku nisizokuwa na zamu mtaniona ibadani. Ila zile saa za alfajiri tulizozoea kusoma Neno pamoja, mwingine akiwa Mpwapwa, mwingine Bahi, mwingine kule Manyoni, sasa zinadaiwa na kazi nyingine.

Nilipomdokezea mama mmoja wa humu, aliniambia, "Mwanangu, usije ukapoa." Sikumlaumu. Tumewaona vijana waliokwenda masomoni wakiwaka, wakarudi na vyeti tu. Wengine mmenishauri nisitoke, nilinyamazishe kundi basi. Nimejaribu, ndugu zangu. Nafungua kwa ajili ya mstari mmoja wa Biblia, nakuta kuna msiba, kuna anayeuguza, kuna kijana ameuliza swali linalotaka jibu refu, na moyo wangu hauwezi kumpita aliyeuliza. Nikija kuinua kichwa, usiku umekwenda na kitabu bado kimefunikwa.

Niwaambie kilichonifanya nikate shauri. Usiku mmoja aliletwa wodini mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa ameharisha siku tatu, macho yamezama. Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye dripu. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo aliyekwisha kuona mengi, akanigusa bega: "Dokta, mwangalie miguu kwanza." Miguu ilikuwa imevimba. Ulikuwa utapiamlo mkali. Mtoto wa namna hiyo hajazwi maji ya mshipani kama mtoto mwingine aliyeharisha, kwa sababu moyo wake ni dhaifu, na maji mengi ya haraka yanaweza kumuua. Kama hajazimia, hunyweshwa kidogo kidogo, kwa kikombe au kwa mpira wa puani, huku mapigo na pumzi vikihesabiwa. Hayo nilifundishwa chuoni. Nilikuwa nayajua nusu.

Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Lakini kulipokucha nilikumbuka kwamba jioni ile, kabla ya kuingia zamu, nilikaa zaidi ya saa mbili nikiwaandikia ninyi juu ya Yesu kuwapokea watoto wadogo. Kila neno nililoandika lilikuwa kweli. Na mtoto yule alikuwa anahitaji mtu mwenye huruma anayejua pia kiasi cha maji.

Tangu siku hiyo nimemsoma Luka kwa jicho jingine. Paulo anamwita tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14). Mathayo na Marko wanasema mkwewe Simoni alikuwa na homa. Luka anaandika "homa kali". Sijengi fundisho juu ya neno moja, lakini mimi daktari nalipenda neno hilo, kwani nasikia ndani yake mtu aliyetaka kujua homa yenyewe ilikuwa ya namna gani. Na mwanzoni kabisa mwa kitabu chake anaeleza alivyofanya kazi: "nimejitafutia usahihi wa mambo hayo yote tangu mwanzo". Alipokea habari za walioshuhudia kwa macho, akazifuatilia, akaziandika kwa taratibu. Habari za hori na wachungaji wa kondeni tunazozisoma kila Krismasi zimetufikia kwa mkono wa mtu huyo aliyekuwa na subira ya kutafuta.

Ninyi wa Kongwa mna ushahidi wenu wa jambo hili. Wazee wenu wanaukumbuka vizuri ugonjwa wa vikope, trakoma, jinsi kope zilivyogeuka ndani na kukwaruza jicho, na bibi akakaa mlangoni na kibano anajing'oa kope moja moja ili apate nafuu ya siku chache. Walikuwa wakiombewa, na maombi yale yalikuwa ya kweli. Kisha watafiti wa Kitanzania na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wakafanya kazi miaka mingi katika vijiji vyenu. Waliangalia nyuso za watoto: nani ana tongotongo, nani ana nzi usoni, nani amenawishwa. Vijiji vilipewa dawa ya macho, na baadhi yake vikahimizwa pia kuwanawisha watoto nyuso, katika nchi ambayo ndoo ya maji hutoka mbali. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi walipungukiwa na ugonjwa mkali. Leo usafi wa uso ni mojawapo ya mambo manne ambayo Shirika la Afya Duniani linayasimamia katika kupambana na trakoma. Nikiwaza ni nyuso ngapi zilitazamwa, moja baada ya nyingine, ili bibi wa kesho asishike kibano, naona Bwana alikuwa anajibu maombi ya bibi zetu.

Swali langu mimi ni dogo. Kwa nini mtoto mwenye utapiamlo anaruhusiwa kutoka wodini amenawiri, mama anashukuru, halafu baada ya miezi michache anarudishwa vilevile? Natamani kuwafuata akina mama hao nyumbani, kwa kibali na kwa ridhaa yao, niwaulize na ninyamaze wanaponijibu.

Sasa Antiokia. Matendo 13 inawataja kwa majina manabii na waalimu watano, na Roho anawataka wawili, Barnaba na Sauli. Kanisa lingeweza kulalamika. Lilifunga, likaomba, "wakaweka mikono yao juu yao, wakawaacha waende zao". Luka hatuambii watatu waliobaki waliipitishaje siku ya ibada iliyofuata. Nadhani iliwawia vigumu, na pengo lilionekana.

Kwa hiyo, mama yangu uliyeniambia nisije nikapoa, nakuomba usiache kunitaja. Nitaje hasa Jumatano usiku, maana ndiyo zamu yangu ndefu. Mchungaji ameshakubali kuongoza zamu ya Alhamisi mpaka apatikane mwingine, na wale vijana wawili wa kwaya walioogopa kuandika, nawasihi mwandikieni yeye wiki hii hii. Daftari langu la masomo ya mwaka mzima nimemwachia mzee wa kanisa, lina kurasa nyingi bado hazijaandikwa.

Alhamisi ijayo, saa kumi na moja alfajiri, mtakapokuwa mnafungua Neno, nitakuwa wodini nawapima watoto uzito kabla ya maziwa ya asubuhi.