Pete ya bibi

"Mama, juu ya nini unavuaka pete mbele ya kunawa? Papa hakasirike?"

Ilikuwa tarehe 15 Oktoba, siku ya kunawa mikono duniani. Kitindamimba wangu alirudi na wimbo wa kunawa mikono waliofundishwa shuleni, na maswali juu yake. Nikamwambia sabuni inaharibu dhahabu. Pete yenyewe si dhahabu, lakini hilo tuliache.

Ukweli ulibaki maabara, mwaka wangu wa pili wa uuguzi, hapa hapa Goma. Maabara ni neno kubwa: meza mbili, hadubini moja, na bidoni ya lita 20 tuliyochangia kumlipa kijana wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, aliyeileta kutoka ziwani. Madamu alitaka tujionee wenyewe. Tunawe kwa hatua zote, kiganja kwa kiganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, gumba, ncha za kucha, sekunde 40 hadi 60, kisha tulaze vidole vitatu vya katikati juu ya jeloze, ule utando wa kuoteshea bakteria, ndani ya sahani ya Petri. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa hatua. Wenzangu nilikuwa nawasahihisha. Pete ya fedha ya marehemu bibi sikuivua. Ilikuwa inabana, na tena, bingwa avue pete ya nini?

Sahani zililala kwenye joto la nyuzi 37. Kesho yake niliwahi kufika. Mlango wazi, Madamu hajaingia. Sahani zilikuwa zimepinduliwa, vifuniko chini. Nikainua namba 11, yangu. Vidole viwili vilikuwa na vitone vichache vyeupe, kama unga uliodondoka mezani. Cha tatu kilikuwa uji. Uji mzito, wa manjano kidogo, umejaa toka ncha hadi shina. Nikaiweka, nikaiinua tena, labda nimekosea. Nikatazama namba 12, ya jirani yangu wa benchi, ambaye mama yake aliuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, soko la Kituku, nasi tulimtania kwamba anatuletea ziwa darasani. Vitone vya kuhesabika.

Madamu alikuwa ametuagiza tuandike namba kwenye kitako. Tuliandika kwenye kifuniko, kalamu ilishika vizuri zaidi pale. Basi vitako havikuwa na jina la mtu. Nilisikia viatu kwenye korido. Vifuniko viwili vikahama, na mimi nikawa nimesimama dirishani naangalia mlima Nyiragongo.

Wenzangu walicheka hadi machozi. "Sambaza! Sambaza!" Yeye hakujibu. Aligeuza mikono yake, kiganja, mgongo, kiganja, kana kwamba amepewa ya mtu mwingine.

Madamu akaipeleka sahani kwenye mwanga. "Huyu alinawa na pete," akasema. Akatuonyesha mfereji mdogo penye shina la kidole: pete ilikuwa imechimba jeloze, na bakteria wamejazana kandokando. Chini ya pete unyevu unabaki, sabuni haifiki. Jirani yangu hajawahi kuvaa pete. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni mwa koti.

Madamu hakuuliza ni nani. Aliendelea na somo: wako bakteria wenyeji wa ngozi, hao hata ukinawa vipi hawaondoki wote, na wako wapita njia, ndio wanaosafiri kwa mikono yetu hadi kwa mgonjwa. Akafunga daftari. "Na mara ingine," akasema, bila kumtazama mtu, "muandike kwenye kitako."

Nilimaliza masomo, na jirani yangu akamaliza. Mwaka 2019, Ebola ilipofika Goma, tulipangwa geti moja. Yeye alishika bomba la ndoo ya klorini, mimi kipimajoto. Kila asubuhi nilivua pete mbele yake, nikanawa. Nilikuwa na miezi mizima ya kusema.

Jumapili iliyopita alikuja kula kwangu. Nilikaanga sambaza, kwa makusudi au bila makusudi, sijui. Alipokwenda kunawa, mtoto akamfuata na swali lake lile lile la pete.

Dada yangu huyo akakausha mikono polepole, akanitazama.

"Uulize mama yako," akasema.